Wakomunisti wa Urusi au wa Moldova: uchague chama kipi kwa tasnifu yako

Msimu wa kuandika mapendekezo ya utafiti ukikaribia, wanafunzi wa siasa na uhusiano wa kimataifa huniletea swali lile lile. Wanataka kuandika juu ya chama cha kikomunisti kilichobaki baada ya Muungano wa Kisovieti kuvunjika mwaka 1991, na hawajui wachukue kipi. Wengi huja wakiwa wameshaelemea upande wa Urusi. Chama cha huko ni kikubwa, jina lake linajulikana, na babu wa fulani alisoma Moscow kwa ufadhili wa Kisovieti. Nikiwatajia Moldova, huniuliza iko wapi.

Moldova iko katikati ya Romania na Ukraine. Ni nchi ndogo ya mashamba ya mizabibu, na mji mkuu wake ni Chișinău. Hapo ndipo chama cha kikomunisti kilipopigiwa kura kikaingia madarakani mwaka 2001, kikatawala miaka minane, kikashindwa, kikatoka. Nimeufuatilia mkasa huo kwa miaka mingi na bado sijauchoka, kwa hiyo msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo: kwa mwanafunzi mwenye mwaka mmoja wa kazi na swali moja la kujibu, naona Moldova inampa zaidi. Zipo hali mbili ambazo ningemwambia aende na Urusi, na nitazitaja.

Vyama vyenyewe

Vyote viwili vilizaliwa mwaka mmoja, na vyote viwili vilitoka kwenye marufuku. Huko Urusi, Rais Boris Yeltsin alisimamisha shughuli za chama mnamo Agosti 1991, baada ya jaribio la mapinduzi lililoshindwa, na mnamo Novemba akakipiga marufuku kabisa. Mwishoni mwa Novemba 1992 Mahakama ya Katiba ilifungua mlango kidogo, ikaruhusu matawi ya ngazi ya chini yaendelee. Wanachama waliupitia mlango huo, na Februari 1993 wakafanya mkutano mkuu karibu na Moscow, wakakifufua kwa jina la Chama cha Kikomunisti cha Shirikisho la Urusi. Kifupi chake cha Kirusi ni KPRF. Kiongozi aliyechaguliwa siku hizo ni Gennady Zyuganov, mtoto wa walimu kutoka kijiji cha Mymrino mkoani Oryol, ambaye kabla ya hapo alifanya kazi katika idara ya itikadi ya Kamati Kuu ya chama cha Kisovieti.

Moldova nako chama kilifungiwa Agosti 1991, na marufuku ikaondolewa Septemba 1993. Mwezi uliofuata kikaundwa Chama cha Wakomunisti wa Jamhuri ya Moldova, PCRM kwa Kiromania. Zingatia kwamba jina linasema "cha Wakomunisti", halisemi "cha Kikomunisti". Kiongozi wake ni Vladimir Voronin, aliyekishika tangu 1994. Huyu hakupanda kupitia idara ya itikadi. Maisha yake ya kazi yalianzia kwenye viwanda vya kuoka mikate, akaviongoza, kisha akapanda ngazi za chama hadi akawa Waziri wa Mambo ya Ndani wa Moldova ya Kisovieti mwaka 1988. Novemba 1989 umati ulilivamia jengo la wizara yake mjini Chișinău, na yeye hakutoa amri ya kupiga risasi. Jambo hilo lilikumbukwa. Miaka kumi na miwili baadaye, wengi waliompa kura hawakuwa wanampigia Lenin. Walikuwa wanampigia mtu waliyemwona wa kawaida, anayejua bei ya mkate.

Msomaji wa Tanzania ataitambua nusu ya alama za vyama hivi. Bendera ya CCM ina jembe na nyundo, hizi zina nyundo na mundu, na KPRF huongeza kitabu kwenye nembo yake kwa ajili ya wasomi. Usidanganywe na alama, lakini. Mwaka 2012 bunge la Moldova lilipiga marufuku nyundo na mundu, na mwaka uliofuata Mahakama ya Katiba ikaifuta marufuku hiyo. Chama kilikuwa kinapungua kabla ya sheria ile, na kiliendelea kupungua baada ya kurudishiwa alama yake.

Kura, bega kwa bega

Nimezipanga kama ninavyozipanga kwenye daftari langu, kwa sababu zikikaa pamoja zinaonyesha haraka tofauti ya mienendo.

Moldova, bunge la viti 101: mwaka 1998 asilimia 30.01, viti 40. Mwaka 2001 asilimia 50.07, viti 71. Mwaka 2005 asilimia 45.98, viti 56. Aprili 2009 asilimia 49.48, viti 60. Julai 2009 asilimia 44.69, viti 48. Mwaka 2010 asilimia 39.34, viti 42. Mwaka 2014 asilimia 17.48, viti 21. Mwaka 2019 asilimia 3.75, hakuna kiti.

Urusi, bunge la chini liitwalo Duma, viti 450: mwaka 1995 asilimia 22.3, viti 157. Mwaka 1999 asilimia 24.29, viti 113. Mwaka 2003 asilimia 12.61. Mwaka 2007 asilimia 11.57, viti 57. Mwaka 2011 asilimia 19.19, viti 92. Mwaka 2016 asilimia 13.34, viti 42. Mwaka 2021 asilimia 18.93, viti 57.

Ukiichora kwenye karatasi, Moldova ni mlima: unapanda, unafika kileleni, unaporomoka. Urusi ni tambarare yenye vilima vidogo. Kwa mtafiti, mlima una faida moja kubwa, kwamba kila mteremko unadai sababu yake, na sababu hizo zinaweza kupimwa.

Kushinda kweli, na kukaribia kushinda

Urusi ilikaribia mwaka 1996. Katika duru ya kwanza ya uchaguzi wa rais Yeltsin alipata asilimia 35.28 na Zyuganov 32.03. Katika duru ya pili, tarehe 3 Julai, Yeltsin akapata 53.82 dhidi ya 40.31. Katika kampeni hiyo, fedha za matajiri wapya na vituo vikubwa vya televisheni vilisimama upande mmoja. Miaka mitatu baadaye, Mei 1999, wakomunisti waliongoza jaribio la kumwondoa Yeltsin kupitia Duma. Zilihitajika kura 300. Shtaka lililoungwa mkono zaidi, la vita katika jimbo la Chechnya, lilipata 283. Baada ya siku hizo chama hakikuusogelea tena mlango wa Kremlin, ikulu ya Urusi. Mgombea wake wa urais mwaka 2024, Nikolai Kharitonov, alipata asilimia 4.31.

Moldova walishinda, na namna walivyoshinda inastahili sura nzima ya tasnifu. Miaka ya tisini ilikuwa imewaumiza watu wake. Mashamba ya pamoja yalivunjwa, viwanda vilivyokuwa vikiuza Urusi vilikosa soko, na msukosuko wa fedha wa Urusi mwaka 1998 ukamalizia kilichobaki. Mstaafu alingoja pensheni yake miezi kadhaa, na pengine akalipwa kwa bidhaa badala ya fedha. Umeme ulikatwa wakati wa baridi. Hayo ndiyo yaliyojaza masanduku ya kura.

Ila hasira peke yake haikutosha, na hapa ndipo napenda mwanafunzi apunguze mwendo. Mwaka 2000 wabunge waliibadili katiba ili rais achaguliwe na bunge, kwa kura zisizopungua 61 kati ya 101. Bunge hilo hilo lilipojaribu kumchagua rais mwezi Desemba likashindwa, likavunjwa, na uchaguzi ukaitishwa tarehe 25 Februari 2001. Kima cha chini cha kuingia bungeni kilikuwa asilimia 6. Vyama vya katikati na vya kulia vilikuwa vingi na vidogo, kila kimoja na kiongozi wake asiyetaka kumpisha mwenzake, na kura zaidi ya robo zikaangukia kwa vyama vilivyobaki chini ya kima hicho. Ni vyama vitatu tu vilivyoingia bungeni: wakomunisti 71, muungano wa waziri mkuu Dumitru Braghiș 19, Wakristo wa Kidemokrasia 11. Nusu ya kura ikageuka asilimia sabini ya viti. Tarehe 4 Aprili 2001 bunge likamchagua Voronin kuwa rais, na kikawa chama cha kwanza cha kikomunisti kurudi madarakani kwa kura katika nchi iliyokuwa ya Kisovieti.

Walitawala vipi

Hapa ndipo Urusi inapokosa cha kuweka mezani, maana KPRF haijawahi kuunda serikali ya nchi. Kilichopo ni Yuri Maslyukov, aliyekuwa naibu waziri mkuu wa kwanza katika serikali ya Yevgeny Primakov mwaka 1998 na 1999, pamoja na magavana wachache. Sergei Levchenko aliongoza Irkutsk kuanzia 2015 hadi alipojiuzulu 2019. Valentin Konovalov alichaguliwa Khakassia mwaka 2018 na tena 2023. Ni mifano mizuri kwa utafiti wa serikali za mikoa, lakini gavana wa Urusi anategemea bajeti ya Moscow, na itikadi yake haina nafasi ya kutosha ya kujaribiwa.

Moldova ilijaribiwa, na matokeo yatamshangaza anayesoma majina peke yake. Pensheni na mishahara ya serikali zilianza kulipwa kwa wakati. Uchumi ulikua kila mwaka hadi 2008. Wakati huo huo vijana waliendelea kuondoka kwenda Urusi, Italia na Ureno, na katikati ya muongo huo fedha walizotuma nyumbani zilizidi robo ya pato la taifa. Kwa hiyo swali la kwanza la kiuchumi ni kiasi gani cha ukuaji ule kilikuwa kazi ya chama, na kiasi gani kilitoka mfukoni mwa mama anayelea wazee wa watu Italia. Sijaona jibu moja linaloniridhisha, na tasnifu nzuri inaweza kuishi ndani ya swali hilo peke yake.

Kisha ikaja 2007. Chama chenye nyundo na mundu kilitangaza kwamba kodi ya faida ya makampuni itakuwa sifuri, kikafuta madeni ya kodi, na kikawaruhusu wenye fedha zilizofichwa wazitangaze bila kuadhibiwa. Kodi hiyo ya sifuri ilianza 2008. Mwanafunzi akiniambia kwamba itikadi huamua sera, humwomba anieleze mwaka huo.

Moscow: mmoja mtoto wa nyumbani, mwingine jirani

Mwaka 2001 wakomunisti wa Moldova waliahidi kuisogeza nchi kwenye muungano wa Urusi na Belarus. Mapema 2002 mpango wao wa kulifanya somo la Kirusi kuwa la lazima shuleni uliwatoa watu barabarani mjini Chișinău kwa wiki nyingi, nao wakaurudisha nyuma. Kilichobadili kila kitu kilikuja Novemba 2003.

Upande wa mashariki wa mto Dniester kuna Transnistria, ukanda uliojitenga na kupigana vita na Moldova mwaka 1992, wenye askari wa Urusi hadi leo. Voronin mwenyewe alizaliwa Corjova, kijiji cha upande huo. Dmitry Kozak, msaidizi wa Vladimir Putin, aliandaa mpango wa kuigeuza Moldova kuwa shirikisho. Transnistria ingepata nguvu ya kuzuia maamuzi makubwa, na askari wa Urusi wangebaki hadi 2020. Voronin alikuwa ameukubali. Putin alitarajiwa kutua Chișinău tarehe 25 Novemba kushuhudia utiaji saini. Usiku wa kuamkia siku hiyo, nchi za Magharibi zikimbana na upinzani ukiwa tayari kumwaga watu mitaani, Voronin akakataa. Safari ya Putin ikafutwa.

Baada ya usiku ule, chama kilichoingia kwa kauli za kuipenda Urusi kiligombea uchaguzi wa 2005 kwa ahadi ya kwenda Ulaya. Voronin alichaguliwa tena kwa kura 75, nyingine zikitoka kwa Wakristo wa Kidemokrasia waliokuwa wakiandamana dhidi yake miaka mitatu kabla. Machi 2006 Urusi ikafunga soko lake kwa mvinyo wa Moldova, bidhaa ambayo vijiji vizima viliitegemea.

KPRF, kwa upande wake, haina Moscow ya kugombana nayo kwa namna hiyo. Iko ndani ya nyumba. Katika mambo ya nje mara nyingi imekuwa mbele ya serikali. Tarehe 19 Januari 2022 wabunge wake waliwasilisha Duma rasimu ya azimio la kumwomba rais ayatambue maeneo ya Donetsk na Luhansk, mashariki mwa Ukraine, kuwa nchi huru. Azimio lilipita tarehe 15 Februari kwa kura 351, na siku tisa baadaye vita kamili vya Ukraine vikaanza. Nataka mwanafunzi aujue ukweli huu kabla hajaandika neno "upinzani" mbele ya jina la chama hiki. Pia ajue kwamba wabunge watatu wa chama hicho hicho, Oleg Smolin, Mikhail Matveyev na Vyacheslav Markhaev, walisema hadharani kwamba hawakuunga mkono vita. Matveyev alisema alipiga kura kwa ajili ya amani, si kwa ajili ya vita.

Upinzani wenye kamba

Hali ya kwanza ambayo ningekupeleka Urusi ni hii: kama swali lako ni jinsi utawala unavyoishi na chama cha upinzani bila kukivunja na bila kukiachia, huwezi kupata mfano bora.

Chukua mkoa wa Primorye, mashariki ya mbali, Septemba 2018. Mwaka huo serikali ilikuwa imetangaza mpango wa kupandisha umri wa kustaafu, watu wamekasirika, na KPRF ilikuwa imeongoza maandamano. Katika duru ya pili ya ugavana, mgombea wa KPRF Andrei Ishchenko alikuwa akiongoza kwa pointi kadhaa huku zaidi ya asilimia 95 ya vituo vikiwa vimehesabiwa. Kisha vituo vya mwisho vikaingia, na mgombea wa serikali Andrei Tarasenko akawa mbele. Kelele zikawa kubwa hadi Tume Kuu ya Uchaguzi ikapendekeza matokeo yafutwe, nayo yakafutwa. Uchaguzi ulirudiwa Desemba. Ungetegemea chama kimrudishe mtu wake aliyenyang'anywa. Hakikumsimamisha mtu yeyote. Ishchenko akajaribu kugombea peke yake, akakataliwa kwa sababu ya saini za wadhamini.

Nikisoma mkasa huo bado unaniuma kwa ajili ya wapiga kura wa Vladivostok, mji mkuu wa mkoa huo, waliopanga foleni mara mbili. Lakini kwa mtafiti swali ni la kazi: kwa nini chama kilinyamaza? Sehemu ya jibu iko kwenye sheria. Chama kilichopata angalau asilimia 3 ya kura za Duma hulipwa na bajeti ya taifa rubli 152 kwa kila kura, kila mwaka. Mwaka 2021 KPRF ilipata kura zaidi ya milioni 10.6. Piga hesabu uone, ni zaidi ya rubli bilioni 1.6 kwa mwaka. Chama cha namna hiyo pia husimamisha wagombea wa Duma bila kukusanya saini. Mwenye mali ya kiasi hicho hufikiri mara mbili kabla ya kuwasha moto.

Faida hiyo ya kutohitaji saini ndiyo inayowavuta watu wasio wakomunisti wakope mwavuli wa chama. Pavel Grudinin, mkurugenzi wa shamba la stroberi linaloitwa kwa jina la Lenin nje ya Moscow, hakuwa mwanachama, naye alikuwa mgombea wao wa urais mwaka 2018 na akapata asilimia 11.77. Mwaka 2021 mwalimu wa hisabati Mikhail Lobanov aligombea Duma magharibi mwa Moscow kwa tiketi yao, akaongoza kwenye kura za karatasi, na kura za kielektroniki zilipoongezwa akawa ameshindwa. Wapiga kura wengi wa mjini siku hiyo walikipigia chama kwa sababu kilikuwa chombo pekee kilichobaki cha kusema hapana.

Kura moja

Turudi Moldova, kwenye sehemu ninayoipenda kuliko zote. Tarehe 5 Aprili 2009 wakomunisti walipata viti 60. Rais alihitaji kura 61. Tarehe 7 Aprili vijana waliokusanyika wakidai kura zimeibwa waliingia kwenye majengo ya bunge na ikulu, na bunge likaungua. Mamia walikamatwa, wengi walipigwa vituoni, na kijana wa miaka 23 alifariki. Afisa wa polisi alihukumiwa baadaye kwa kifo hicho. Kura zilihesabiwa upya, na wakomunisti wakabaki na 60 zao.

Voronin alikuwa amemaliza vipindi viwili, hivyo chama kilimsimamisha waziri mkuu, Zinaida Greceanîi. Kilichohitajika ni mbunge mmoja tu wa upinzani avuke. Moldova waliiita "kura ya dhahabu". Tarehe 20 Mei haikupatikana. Tarehe 3 Juni haikupatikana. Upinzani ulikuwa na wabunge 41 wa vyama vitatu tofauti, na hata mmoja hakuvuka. Siku chache baadaye Marian Lupu, aliyekuwa spika kwa tiketi ya wakomunisti, alikihama chama na kwenda chama kidogo cha Kidemokrasia. Julai uchaguzi ukarudiwa, chama cha Lupu kikapata viti 13, wakomunisti wakashuka hadi 48, na Septemba 2009 Voronin akajiuzulu.

Kumbuka tofauti moja ya kisheria. Kwetu, Tanzania na Kenya, mbunge akikihama chama chake hupoteza kiti. Moldova mbunge huondoka na kiti chake. Ndiyo maana chama kile kiliendelea kumegeka kutoka ndani. Novemba 2011 Igor Dodon, aliyekuwa waziri wake wa uchumi, aliondoka pamoja na Greceanîi na mbunge mwingine, wakaingia chama cha Wasoshalisti. Mwaka 2014 Wasoshalisti hao walipata viti 25, wakomunisti 21. Desemba 2015 wabunge 14 kati ya wale 21 walihama kwa mkupuo, wakabaki saba. Dodon akawa rais mwaka 2016. Wapiga kura wa zamani hawakupotea. Walihamia nyumba ya jirani iliyojengwa na watu wa nyumba ile ile.

Wasiong'atuka

Neno "kung'atuka" tunalo sisi, na lina mtu na mwaka tunaoukumbuka. Katika vyama hivi viwili halikupata nafasi. Zyuganov, aliyezaliwa 1944, ameongoza tangu 1993, na mkutano mkuu wa Julai 2025 ulimpa muhula mwingine. Mkutano huo huo ulitangaza kwamba hotuba ya 1956 ya kiongozi wa Kisovieti Nikita Khrushchev dhidi ya mtangulizi wake Stalin ilikuwa kosa. Voronin, aliyezaliwa 1941, ameongoza tangu 1994. Tofauti ni kwamba Moldova warithi walioondoka walikuwa na pa kwenda, na Urusi hawakuwa na pa kwenda. Gennady Seleznyov, spika wa Duma aliyefukuzwa chamani 2002, hakufua dafu baada ya hapo.

Lugha, nyaraka na usalama

Hali ya pili ya kuchagua Urusi ni kama tayari unasoma Kirusi vizuri na unataka kufanya kazi juu ya itikadi: jinsi Lenin, Stalin, kanisa la Orthodox na uzalendo vilivyowekwa kwenye sahani moja. Maandishi ya KPRF ni mengi kupita kiasi, na gazeti la Pravda lipo.

Kwa Moldova utahitaji Kiromania kidogo, lakini nyaraka nyingi za chama na za uchaguzi zipo kwa Kirusi pia. Muhimu zaidi ni ripoti za waangalizi. Shirika la usalama na ushirikiano la Ulaya, OSCE, limeangalia chaguzi za bunge la Moldova kwa mfululizo, na ripoti zake ziko wazi. Urusi, mwaka 2021 waangalizi hao hawakwenda kabisa, kwa sababu serikali ilipunguza idadi yao. Ukitaka kulinganisha matokeo rasmi na ushahidi huru, utabaki na takwimu za Tume peke yake.

Halafu kuna mahojiano. Tangu Machi 2022 Urusi ina sheria inayoadhibu anayedaiwa kulichafua jeshi. Wewe utarudi Dodoma au Eldoret na kinasa sauti chako. Aliyekujibu atabaki. Sitamshauri mwanafunzi amweke mtu mwingine katika hatari hiyo kwa ajili ya shahada.

Na vingine?

Ukraine inafaa kwa anayesomea sheria. Chama cha kikomunisti cha Petro Symonenko kilipata asilimia 24.65 mwaka 1998, kikabaki na 3.88 mwaka 2014, kikapigwa marufuku na mahakama mwaka 2015, na uamuzi wa mwisho ukatoka Julai 2022. Swali la kama demokrasia inaweza kufunga chama ni zito, lakini utalijibu wakati wa vita, na ushahidi unasogea kila mwezi.

Belarus ilikuwa na viwili: kimoja kinachomuunga mkono rais Alexander Lukashenko, na kingine cha Sergei Kalyakin kilichompinga, kikabadili jina mwaka 2009 kuwa Ulimwengu wa Haki. Mwaka 2023 vyama vyote vilitakiwa kusajiliwa upya. Vinne vikapita. Cha kwanza kimo, cha pili hakimo. Kwa makala ya kurasa kumi inatosha, kwa tasnifu itakuishia njiani.

Basi kama huna Kirusi cha kutosha, na swali lako linahusu jinsi chama kinavyopata madaraka, kinavyoyatumia na kinavyoyapoteza, chukua Moldova. Usianzie 1991 kama vitabu vinavyoanza, utazama kwenye utangulizi. Anzia bungeni Chișinău, tarehe 3 Juni 2009, wabunge 60 wakiisubiri kura ya sitini na moja, kisha rudi nyuma mwaka hadi mwaka.